Kikombe Kimoja cha Dang'a

Yule ng'ombe mwekundu nilimpunguzia chakula mwenyewe, kwa mkono wangu. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba yake alikula nusu ya majani ya wenzake, na pumba sikumwonjesha kabisa. Nilitaka ndama awe mdogo, apite bila shida. Binti yangu mkubwa alifia leba mwaka juzi, mtoto amekwama. Tangu siku hiyo silii, wala sicheki sana. Nafanya kazi tu.

Mwekundu akazaa asubuhi, peke yake, salama. Ndama mdogo kama nilivyotaka. Akasimama kwa kuyumba, akashika chuchu. Nikajipongeza, nikaenda kufua.

Jioni nikamkuta ndama amelala, mdomo wa baridi. Ng'ombe wa nyama hatumkamui, kwa hiyo kiwele sikuwa nimekigusa. Nikampigia simu daktari wa mifugo. Akaja na mabuti yake yaliyotoboka, binti yangu mdogo akamshikia kikombe, naye tumbo limemtangulia, mimba ya miezi minane. Daktari alikamua chuchu zote nne. Kikombe hakikujaa.

"Mama, dang'a ndiyo hii tu?"

"Si unakamua wewe?"

Hakucheka. "Maziwa haya ya kwanza ndiyo kinga ya ndama, hana nyingine. Na mama yake huyaandaa kabla hajazaa, wiki zile za mwisho. Huyu mbavu zake nazihesabu. Alikuwa anakula nini?"

Nikamwambia, na sababu nikamwambia.

"Ndama mdogo umempata," alisema taratibu. "Lakini kazaliwa hana nguvu, na mama yake hana cha kumpa."

Alimnywesha dang'a ya unga kwa mpira, akasema tumechelewa, saa za kwanza ndizo zenye maana. Siku ya tatu ndama akaanza kuhara. Siku ya tano nikamfukia nyuma ya zizi. Nikanawa mikono, basi.

Jikoni binti yangu alikuwa anamalizia chakula chake, robo sahani, kama nilivyomwagiza tangu mimba ilipokuwa kubwa.

"Ndama vipi, mama?"

"Amekufa."

"Pole, mama."

Akainuka kuosha sahani. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza chini ya gauni. Sijui ilianza lini. Miezi yote hiyo nilikuwa namtazama tumbo tu.

Nikamnyang'anya sahani, nikapakua mpaka ikafurika, nikamwekea mezani.

"Si ulisema mtoto atakuwa mkubwa?"

"Kula."

"Mama, una nini?"

Nikakaa sakafuni na mwiko mkononi. "Kula, mwanangu. Nilikuwa naogopa."