Kioo Chini ya Chokaa

Usiku wa jana niliota mahakama imenikabidhi nyumba. Sikuiomba. Mimi nauza mapazia Korogwe, na nyumba pekee niliyowahi kuisimamia ni banda la kuku, nao walihama wenyewe.

Kabla sijaendelea niseme nililala wapi, maana ningelala kwangu ndoto hii isingenijia. Nilikuwa Tanga mjini kwa shangazi yangu, Bi. Mwanakheri, nimekuja kula naye Idi. Anakaa chini, katika nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe hajaonekana kwa muda mrefu mpaka watoto wa pale wanadhani ni mtu wa hadithi. Ngazi imemeguka. Bafu za juu zinavujia vitanda vya chini. Wapangaji walishtaki, na mahakama ikaiondoa nyumba mikononi mwa mwenyewe, ikamteua mhandisi mmoja, Bi. Mntambo, aisimamie na kuitengeneza mpaka ifae watu kulala.

Jambo la kwanza alilofanya Bi. Mntambo ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa uliomo chumbani kwa shangazi, kimeshikwa kwa saruji huku na huku. Akawakusanya wapangaji akawaeleza kwamba kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitapasuka. Siku watakayokikuta kimepasuka watoke nje, wasibebe hata sufuria.

Jana alasiri, kabla mwezi haujaandama, shangazi akapaka chokaa ya Idi kama anavyopaka kila mwaka. Akapaka ukuta wote, na kioo pia. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba Idi haiingii kwenye nyumba yenye kiraka, na kwamba wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Basi mimi nimeziba," akasema, akanitandikia godoro chini ya ukuta huohuo. Ulikuwa mweupe, wa kupendeza kabisa. Nikalala.

Katika ndoto nimo ndani ya tangi la maji lililo juu ya paa. Hiyo ndiyo mahakama. Maji yamenifika magotini na hakuna anayeliona hilo kuwa jambo. Hakimu ni ngazi ya nyumba ya shangazi. Namtambua kwa kidato kinachokosekana. Nikampa shikamoo, naye akaitikia marahaba kuanzia chini kwenda juu, na alipofika kwenye lile pengo sauti ikaruka.

"Mwenye nyumba hayupo," akasema hakimu. "Nani atachukua nafasi yake?"

Nikageuka kutazama nyuma, nikidhani kuna mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Kumbe mahakamani ukigeuka nyuma umeshakubali.

Nikajitetea kwamba mimi ni mgeni, nimekuja kula pilau tu. Hakimu akasema mgeni ndiye anayefaa, kwa sababu hajazoea kunusa unyevu. Akanisomea sharti: nyumba ikiwa mikononi mwangu isimdhuru mtu. Nikauliza kama kuna mtu ndani.

"Yumo shangazi yako," akasema. "Mtoe kabla kioo hakijasema."

Nikauliza kioo kitasema nini. Akanijibu kwamba kina neno moja tu, na kimewekwa pale kwa ajili ya neno hilo. Kisha akajikunja kidato kwa kidato, na kesi ikaisha.

Natoka kwenye tangi kwa mlango wa kawaida na najikuta barazani kwa shangazi, chini kabisa. Natazama mikono yangu. Vidole havipo. Viganja navyo vinaondoka polepole, kama sukari kwenye chai. Nikaelewa mara moja, kwa sababu ndotoni mtu anaelewa hata asichotaka. Nimechukua nafasi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba haonekani.

Niliogopa. Sikuwa na tumbo tena lakini niliusikia woga palepale tumbo lilipokuwa.

Kupitia dirishani namwona shangazi. Amekipa kisogo kitanda, anakoroga chokaa kwenye ndoo. Juu yake ukuta umeinama kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake. Nikafungua mdomo nimwambie shangazi, toka nje. Ilitoka sauti ya mtu mwingine, nzito, ya mtu aliyeshiba:

"Jumatatu natuma fundi."

Shangazi hakugeuka. Alicheka kidogo akasema Jumatatu hiyo anaijua, wamezeeka pamoja.

Nikajaribu tena. Nikasema ukuta unaanguka, ikatoka Jumatatu. Nikaita jina lake, ikatoka Jumatatu. Nikalia, na kilio nacho kikaahidi fundi. Nilijaribu kila neno ninalolijua mpaka nikapata moja lililotoka likiwa langu, kwa sauti yangu, kwa sababu hakuna mwenye nyumba wala mpangaji anayeruhusiwa kuingia kwa watu bila kulisema.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akajibu shangazi.

Nikafurahi. Nikasema hodi tena, nikiwa na hila yangu: atachoka kuitikia, atakuja mlangoni kuona ni nani, na akishafika mlangoni nitamvuta kwa mikono ambayo sina. Lakini shangazi ni mtu wa Tanga.

"Karibu ndani, mwanangu," akasema. "Mgeni hasemeshwi mlangoni."

Na aliyekaribishwa hawezi kukataa. Miguu yangu ikaingia yenyewe. Nilijishika kwenye kizingiti, na kizingiti kikaniomba radhi, kikasema hakina mamlaka. Nilipofika katikati ya chumba nikageuka. Mlango ulikuwa umeshapakwa chokaa, hauonekani ulipoanzia wala ulipoishia.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

Sauti ilitoka ukutani, nene, ya mtu anayesema huku amefunikwa shuka. Ilikuwa ya kioo. Nikajibu kwamba ni mimi, kwa leo, na kwa mara ya kwanza neno halikugeuka Jumatatu. Nadhani vitu vya nyumba ndivyo pekee vinavyomsikia mwenye nyumba.

"Basi shika ukuta," kikasema kioo.

Nikauegemea kwa mgongo. Ulikuwa wa baridi na ulikuwa unapumua. Nikauliza nitaushika mpaka lini.

"Mpaka atoke."

"Hanisikii."

"Mimi je? Kanipaka mdomo. Nina neno moja tu maishani, na nikilisema siwezi kulirudia. Nalishikilia tangu alasiri. Nikilisema chini ya chokaa hii, nani atalisikia?"

Nikakiomba kisiseme. Kikaniambia si hiari yake, kinavutwa huku na huku. Kikasema hayo kwa upole, kama muuguzi anayekuandaa kwa sindano, na upole wenyewe ukanitisha kuliko ukuta.

Mzigo unaongezeka. Nahisi vitanda vya juu, ndoo zilizojaa maji yanayovuja, watu wanaojigeuza usingizini. Kila mmoja akigeuka, mgongo wangu unakuwa mgumu zaidi. Natazama kifua changu, ambacho sasa kimerudi kuonekana, na naona kina matofali. Ufa haukuzibwa, kwa hiyo ukuta lazima ujengwe, na chumbani hapakuwa na kitu kingine cha kujengea ila mimi.

Sasa shangazi anakuja na ndoo na brashi yake ya mkonge. Anaimba puani. Ananitazama usoni moja kwa moja na hanioni, anaona ukuta.

"Hapa pamebaki," anasema.

Anaanza magotini. Ananipaka taratibu, kwa mapenzi, kama alivyokuwa akiniogesha nikiwa mdogo, mama akiwa kazini. Anapaka tumbo. Anapaka kifua, anarudia pembeni pasibaki alama. Namwambia shangazi toka, tafadhali toka, nakupenda, toka, na kila mara yule mtu aliyeshiba anasema Jumatatu, Jumatatu, na shangazi anatabasamu na kupaka. Sijawahi kuogopa hivyo. Sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba nitamwangukia yeye, na atakufa akinisifu kwa weupe.

Brashi ikafika kidevuni. Ikapanda. Nikasikia ladha ya chokaa mdomoni na ladha ya chumvi, maana shangazi huitia chumvi ili ishike. Nikashindwa kusema hata Jumatatu.

Hapo kioo kikasema neno lake. Lilikuwa dogo sana. Tek, kama ukucha unaokatwa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Ukuta ulikuwa juu yangu umesimama wima, mweupe, na kutoka godoroni sikuona mstari hata mmoja. Uani shangazi alikuwa anakaanga vitumbua, redio ya jirani ikitoa takbira, na ghorofani watoto walikuwa wanakimbizana na nguo mpya. Nikajicheka. Mtu mzima, muuza mapazia, anatishwa na rangi.

Nikaweka mkono kando ya mto ili niinuke, na kitu kikanichoma kiganjani.

Kilikuwa kipande cha kioo kidogo kama mbegu ya tikiti. Upande mmoja kilikuwa kinang'aa. Upande wa pili kilikuwa na chokaa. Nikalamba midomo bila kukusudia, na midomo ilikuwa na chumvi.

Shangazi akaingia na sahani ya vitumbua, akaniambia Idi njema, akaniuliza mbona nimekaa hivyo. Niliogopa sauti itakayotoka. Nikafungua kiganja tu.

Alikitazama. Akaiweka sahani kitandani, akaenda ukutani, akapitisha kidole taratibu mahali anapojua kioo kilipo. Chokaa ikabanduka kama ganda la yai, na kidole chake kikazama kwenye mwanya uliokuwa nyuma yake. Akakichomoa haraka. Nilimsubiri aseme habari ya wahenga, yeye akachukua buibui.

"Mimi natoka mwenyewe," akasema. "Watoe wa juu."

Nikapanda ngazi mbio, nikaruka kidato kinachokosekana, na milango yote ya watu wale niliisukuma, sikupiga hodi hata kwenye mmoja.