Sakafu Iliyoanzia Upande wa Malori

Raelene Pfitzner aliendesha basi dogo kwa muda wa karibu saa nne, kutoka Port Augusta hadi Adelaide, wasichana saba wakipiga kelele nyuma njia nzima. Timu yake ya netiboli ilikuwa imepewa dakika kumi za kucheza katika ukumbi mkubwa kabla ya mechi ya ligi. Dakika kumi tu, na walikuwa wakizisubiri tangu Februari.

Walipofika, sakafu ilikuwa haijaisha. Jana yake kulikuwa na tamasha la muziki, kwa hiyo mbao zilipangwa upya asubuhi hiyo. Zina namba, na hupangwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Vijana wa zamu walianzia upande wa malori kwa sababu ndiko zilikoshushwa. Sasa duara la kufungia magoli lilikuwa limekatika vipande viwili, na ubao wa mwisho ulikataa kuingia.

"Kaka, hizo namba mmeziandika za nini? Urembo?" Raelene alimuuliza Vince, msimamizi wa sakafu.

"Dada, usinianze. Tunang'oa safu tisa."

"Mtamaliza saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"Saa saba na nusu zamu yetu inakwisha!"

Vince akainama kung'oa ubao mwingine.

Raelene akamwendea mwanamke wa ratiba. Naye alikuwa na jibu tayari: watoto wataingia uwanjani pamoja na wachezaji wa ligi, wawapungie mashabiki mikono.

"Kupunga wangepungia nyumbani. Wamekuja kucheza."

"Mama, televisheni haisubiri mtu."

Basi akawakusanya wasichana, akawaambia bila kuzunguka. "Watu wazima wamevuruga sakafu. Hatuchezi. Mtapunga mikono tu."

Alijiandaa kwa machozi. Indi, mfungaji wao mwenye umri wa miaka kumi, akauliza, "Tutaonekana kwenye ile skrini kubwa?"

"Labda."

Wakapiga mayowe ya furaha.

"Nyie! Miezi mitano ya mazoezi!"

"Kocha, twende, tutachelewa!"

Wakatoka mbio. Raelene akabaki pembeni na mpira kwapani, akiwatazama wakirukaruka ndani ya duara ambalo sasa lilikuwa zima, nguzo ya goli imesimama juu yao.

Vince akaja kusimama kando yake. "Si unaona? Imekaa sawasawa."

"Nyamaza, Vince."