Kanuni Haisemi Lolote Kuhusu Ngozi

"Mimi sikutunga kanuni, dada. Niligonga muhuri tu."

"Na stika zililetwa na nani? Upepo?"

"Nilizileta mimi. Kubandika mlibandika nyie."

Walikuwa wakigombana tangu duka lifunguliwe, dada upande wa ndani wa kaunta, mdogo wake upande wa wateja, katikati yao mizani na boksi la dawa ya kuua wadudu wa mimea. Mdogo mtu alikuwa afisa katika ofisi inayosajili dawa hizo. Nyumbani walimwita Rula, kwa sababu tangu utoto alipenda vitu vinyooke. Binti wa dada mtu, mwenye miaka kumi, alikaa juu ya gunia la mbegu akila biskuti. Ilikuwa Jumatano asubuhi na wenzake walikuwa darasani.

Kanuni zilibadilishwa mwanzoni mwa mwezi. Zamani dawa ilijaribiwa shambani misimu mitatu ndipo isajiliwe. Sasa dawa iliyosajiliwa nchi nyingine yoyote ilisajiliwa hapa kwa barua moja. Kifungu kilichofuata kilisema lebo ibebe tu maonyo yaliyothibitishwa na majaribio ya humu nchini. Kwa kuwa majaribio yalikuwa yamefutwa, hapakuwa na onyo lililothibitishwa. Ofisi ikachapisha stika nyeupe, ikazigawa madukani, kila mwenye duka afunike maonyo ya zamani.

Siku stika zilipoletwa dada mtu alikuwa na wateja wengi. Kazi alimpa binti yake, kwa kuwa ana vidole vyembamba na habandiki upande. Mtoto alibandika chupa mia na ishirini, akanawa, akala, akalala. Asubuhi maandishi aliyoyafunika yalikuwa kwenye ngozi yake.

Mama yake aliyaona akimpaka mafuta. Fuvu na mifupa miwili vilikuwa mgongoni mwa kiganja cha kulia. Mkono mmoja ulisema "Sumu kali", wa pili "Usipulizie bila glovu na barakoa". Shingoni, "Usivune kabla ya siku ishirini na moja". Kuzunguka kitovu, kwa herufi ndogo, "Hudhuru mtoto aliye tumboni". Kwenye paji la uso, "Weka mbali na watoto". Mama alisugua kwa sabuni ya kufulia, akasugua kwa mafuta ya taa, kisha akaacha, maana mtoto alikuwa anachelewa shule.

Mwalimu alimsoma paji la uso akamtolea dawati nje, karibu na pipa la taka. Siku ya tatu alimrudisha nyumbani na barua. Shule ina watoto mia sita, ilisema barua, na maelekezo yako wazi.

"Si uwaambie wenzako waibadilishe hiyo kanuni?" dada mtu alisema. "Hapo ofisini unakalia nini?"

"Niliuliza. Mkuu amesema kanuni inahusu lebo. Haisemi lolote kuhusu ngozi."

"Nilibandua stika moja. Chini yake karatasi tupu."

"Ukairudishia?"

"Nikairudishia."

"Afadhali. Leo ni ukaguzi, na mkaguzi ndiye mimi. Chupa isiyo na stika, duka linafungwa."

Dada mtu alimtazama mikono. "Hebu nione."

Rula akaonyesha viganja, akavigeuza. Vilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Hujabandika hata moja."

"Ofisini hatubandiki."

"Kwa nini?"

Rula alipanga kalamu zake mbili zikae sambamba. "Siku ya semina ya stika tarishi wetu alibandika tano za mfano. Yuko likizo."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua ya tarishi. Ya mtoto hatukujua."

Mkulima wa nyanya aliingia, akaweka kofia kaunta. "Mama, nipe mbili za kiwavi. Ile inafanya kazi kwelikweli. Jumamosi nimepulizia, Jumatatu nimevuna. Fungu la mwisho la nyanya si ulichukua wewe?"

"Nilichukua mimi. Tulilipika jana."

"Basi umeona zilivyo nzuri." Akamwangalia mtoto. "Huyu naye kaandikwa? Yule wa duka la kona kaandikwa mpaka kwenye ulimi."

Dada mtu alivuta droo, akatoa roli ya stika zilizobaki.

"Rula, stika hii inafunika nini?"

"Maonyo."

"Yaliyo wapi?"

Rula alifikiri. "Kanuni haikusema."

"Na yakifunikwa yanamwendea aliyefunika. Mbandike mtoto basi. Wewe ni mjomba wake. La usoni tu, mengine niachie."

Rula aliingiza mikono mfukoni.

"Njoo hapa, mama," dada mtu alimwambia binti yake, akamnyanyua juu ya kaunta. Alibandika paji la uso, shingo, mkono wa kulia, wa kushoto. Akainua shati akabandika tumbo, stika nne, kwa mduara. Mtoto alicheka kwa sababu gundi ilikuwa ya baridi.

Safari hii maandishi hayakungoja asubuhi. Yalipanda kwa vidole vya mama kama sisimizi, yakakaa kila moja mahali pake. Stika zilipobanduliwa, ngozi ya mtoto ilikuwa safi, haina hata nukta. Dada mtu alijitazama kwenye kioo cha mizani, akasoma paji lake mwenyewe mara moja.

"Kimbia shule. Utawahi kipindi cha tatu."

Mtoto alinyoosha mikono amkumbatie. Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Hapo hapo. Leo utalala kwa bibi. Na kesho."

"Mpaka lini?"

"Nenda, unachelewa."

Mtoto alipotoka, dada mtu alimgeukia mkulima, akaegemea kaunta, akamwinulia uso, shingo na mikono. "Wewe soma kwanza, ndipo nikuuzie."

Mkulima alivaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, hakuruka kitu. Kwenye ishirini na moja alihesabu kwa vidole.

"Soko ni Ijumaa," alisema. "Nipe mbili."

Akampa mbili, na glovu ambazo hakuomba.

Rula alihesabu chupa. Zote zilikuwa na stika, hakuna iliyokaa upande. Kwenye fomu, penye maonyo, aliandika "hakuna", akaigeuzia upande wa dada yake. Dada mtu akasaini, kwa mkono wenye fuvu.