Macho ya Dubu wa Moheri

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mombasa kutibiwa mgongo, kitu cha kwanza alichokiona sebuleni kwetu Buruburu ni dubu wangu wa kitambaa, amekaa juu ya cherehani. Hata maji hakupokea.

"Muhiba, nyumba yenye sanamu nitaswali vipi?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba hiyo ni kazi. Dubu hawa nawashona kwa kitambaa cha moheri, kinachofumwa kwa singa za mbuzi wa Angora. Clare, anayeniletea kitambaa hicho kutoka Afrika Kusini, huwauza kwa watu wanaokusanya dubu kama wengine wanavyokusanya stempu. Nikaongeza kwamba wanasesere wa watoto hawana ubaya, hata masheikh wanasema.

"Na huyu ni wa mtoto?"

Hakuwa wa mtoto. Dubu wa Clare hukaa kwenye kabati la kioo. Mtoto akimsogelea, huambiwa atoe mkono.

Tukaafikiana hivi: ndani ya nyumba, dubu asiwe na macho. Bila macho, alisema, hicho ni kitambaa kilichojazwa tu. Vinginevyo angehamia Tassia kwa mwanawe mdogo, Jamil, anayebanana na wenzake chumba kimoja. Na mume wangu Twalib alishatoa kauli: mama yake akiondoka kwa hasira, cherehani nayo itaondoka. Nilichukia, nisiseme uongo. Kazi ile nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kufumua, na sasa nilikuwa naiombea ruhusa kama mtoto anayetaka kwenda kucheza.

Basi nikawa nakata, nashona, najaza, nachomoa kwa sindano singa zilizonaswa kwenye mishono, kisha navuka hadi mlango wa pili, kwa jirani yangu Perez, kumalizia.

"Leta huyo kipofu wako tumpe macho, aki!" alikuwa akinipokea, chai ameshaiinjika.

Ijumaa moja Clare akanipigia simu. Mnunuzi wake anasafiri jioni hiyo na anamtaka dubu wa rangi ya asali. Asipompata atanunua kwingine, na Clare naye atatafuta fundi mwingine. Nikambeba dubu mbio. Mlango wa Perez ulikuwa na kufuli. Kumbe amekwenda Siaya mazishini.

Nikarudi. Mama alikuwa amejilaza baada ya adhuhuri, mlango wa chumba umerudishwa. Nikajiambia, atajuaje? Nikatunga uzi uliopakwa nta kwenye sindano ndefu, nikapitisha jicho la kwanza la kioo, nikauvuta hadi kisogoni, nikafunga fundo. Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Alimtazama dubu wangu chongo, akajitanda leso, akachukua tasbihi na fimbo yake, akatoka.

Niliwaza Twalib, nikawaza Jamil akitandika godoro sakafuni. Zaidi ya yote niliona haya, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kunivunjia heshima. Aliniomba kitu kimoja tu. Nikamfuata miguu mitupu.

Nilimkuta papo hapo nje, ameketi kwenye ngazi, baridi ya Julai inampiga, mgongo wake mbovu ameuegemeza ukutani.

"Mama, nisamehe. Usiende Tassia."

"Tassia nikafanye nini?" Alinishangaa kwelikweli. "Nimetoka ili umalize. Rudi ndani. Ukishamfunga kwenye karatasi, niambie niingie."

"Utaumia hapa, Mama."

"Basi fanya upesi."

Nikafanya, machozi yakinichelewesha. Jicho la pili ndilo gumu: likipanda kidogo tu, dubu huonekana mjeuri, na fundo likishakazwa hakuna kurudi nyuma. Nikamfunga kwenye karatasi, nikatoka kumwinua Mama kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Akakitazama kifurushi kwapani mwangu.

"Anatazama wapi?"

"Chini kidogo, Mama."

"Ndivyo," akasema. "Anakwenda ugenini. Asiwakodolee watu macho."