Moto wa Mkoko

"Hivi mwenzangu, mikoko ikiisha, hao samaki watakulia wapi?"

Jirani mmoja, mama mvuvi wa kaa, aliwahi kumwuliza mbanika samaki swali hilo. Wakati ule mbanika alicheka tu, akasema bahari ni kubwa.

Leo alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri, akiwageuza samaki aliovua mwanawe. Walikuwa wadogo, wembamba kama vidole. Alishajaribu kuwabanika kwa makumbi ya nazi, lakini mchuuzi aliwanusa akawarudisha. "Hawa wataniozea njiani, mama. Mimi nataka wa moto wa mkoko." Basi akarudia mkoko. Kila alfajiri alimweleza Mungu jambo hilo katika dua, kisha akaenda kukoka moto.

Mkwe wake, mke wa huyo mwanawe, alikuwa akipasua matumbo ya samaki waliobaki, bwana misitu alipoingia bila hodi.

"Zima moto, bibi. Mkoko marufuku. Ndiko samaki wanakozaliwa, hamwambiwi?"

"Tunaambiwa, baba. Na yule wa mabwawa ya chumvi, aliyefyeka upande mzima, yeye haambiwi?"

"Yule ana kibali."

"Ala! Kumbe samaki nao husoma kibali."

Mkwe akacheka, akajiziba mdomo kwa kiwiko.

Bwana misitu hakucheka. Alichuchumaa, akachukua kuni moja, akaigeuzageuza. "Umenyooka huu. Mnautoa wapi? Kote nilikopita ni visiki." Sauti ikalainika. "Nioneshe, na mimi huu moto sijauona. Yule bwana wa chumvi anatafuta nguzo."

Kilikuwa kimebaki kijito kimoja tu chenye mikoko, nyuma ya mwamba. Huko ndiko mwanawe alikotega nyavu.

"Mwoneshe, mama," mkwe akanong'ona. "Samaki bado wabichi, na mchuuzi anakuja jioni."

"Halafu kesho mumeo akavue wapi?"

"Kesho! Wanangu wanaulizia cha leo."

Mama akainuka, magoti yakalia. Akabeba ndoo ya maji ya kuoshea samaki, akaimwaga yote ndani ya tanuri. Moshi na majivu vikawafunika wote watatu.

"Haya, baba. Nimezima, kama ulivyoamuru."

Bwana misitu akakohoa, akijipangusa macho. "Sawa. Boti ninayo. Nitaupata mkoko mwenyewe." Akaondoka na ile kuni mkononi.

Mkwe akawatazama samaki waliolowa majivu. Akaweka kisu juu ya ubao, akanawa mikono, akajitanda kanga vizuri, akatoka, akashika njia ya kwenye boti ya bwana misitu.