Mkoromo Kwenye Safu ya Kwaya

Mkoromo ulinifikia kabla sijainua macho kwenye karatasi. Nilikuwa katika ubeti wa tatu wa shairi langu, mbele ya kanisa letu la mjini Baraka, Jumapili ya mavuno. Nikatazama. Kwenye safu ya kwaya mama yangu alikuwa amelala, mdomo wazi.

Ushairi nilijifundisha mwenyewe, na sikuzoea kudharauliwa. Nikaweka karatasi chini, nikatunga papo hapo:

*Wengine waja kusali, mama kaja kukoroma;*
*Malaika yuko mbali, kachoka kumsukuma.*

Kanisa likacheka. Mama akashtuka, akacheka nao, bila kujua wanacheka nini.

Jumapili iliyofuata hakuvaa kitenge cha kwaya. Wala ile ya tatu. Wenzake walikuwa wameanza kumwita Mama Koroma. Aliponilalamikia, nilimjibu kwamba aliyelala ni yeye, si mimi.

Ndipo akaja mdogo wake Georgette, muuguzi kule Fizi. Alinikuta napiga pasi shati, akaketi, akanieleza mambo ambayo kwetu mtoto wa kiume haelezwi. Kwamba mama ana miaka arobaini na saba na damu yake ya mwezi inaelekea kukoma. Kwamba tangu mwaka jana mwili unamchemka usiku, anabadili nguo zilizolowa jasho, kisha moyo unamwenda mbio mpaka jogoo awike, maana homoni za wasiwasi hazimtulii saa ya kupumzika. Kukicha, kabla hajalala, anakwenda kuchota maji.

"Na hilo shati," akasema, "we unafikiri lilifuliwa na maji ya nani?"

Niliiacha pasi, nikatoka.

Nilimkuta mama uani akimenya mihogo. Nikamwambia Jumapili nitasoma shairi jingine, la kumtetea. Akatikisa kichwa.

"Wilfried, unataka kupeleka tena mwili wangu mbele ya batu wanicheke? Acha mashairi. Mi nataka kulala, na nataka kuimba."

Nilitazama bidoni za maji zilizopangwa ukutani. Vijana wa bombani wana wimbo wa kumcheka mwanamume anayechota maji. Naujua wote, kwa sababu niliutunga mimi.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Kesho usiamke. Maji nitachota mimi, kesho na kila asubuhi. Na bamama wa kwaya nitawafuata nyumba kwa nyumba, niwaambie aliyekosa ni mimi. Bila shairi."