Kamba ya Nguo ya Lukeria

Kwa miaka mitatu Lukeria Tikhonovna hakuanika nguo siku ya Alhamisi. Kamba yake haikuwa kamba hasa. Ulikuwa waya wa shaba, umetoka kwenye mtofaa, ukapenya dirishani, ukaishia nyuma ya redio ili kunasa stesheni za mbali. Kila Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, mtangazaji mmoja wa ng'ambo aliisoma Injili kwa Kirusi, polepole kama mwalimu wa imla, mkato na nukta akizitaja, ili wasio na Biblia waandike. Lukeria aliandika. Jumapili wanawake watano walikuja kwake kunywa chai, na chai ikapoa vikombeni wakimsikiliza akisoma.

Wiki hii alijiponza mwenyewe. Jumatano mvua ilinyesha, shuka hazikukauka, naye kwa uvivu akaziacha palepale. Alhamisi katikati ya imla waya ukakatika kwa uzito, shuka zikaingia matopeni, redio ikabaki kukoroma. Yule mwana mpotevu ndiyo kwanza alikuwa ameshika njia ya kurudi kwa baba yake, na daftari likaishia hapo.

Jumamosi mchana alikuwa bado anajilaumu uani alipomwona jirani yake, Yefim Savelich, akifungua geti na koleo la kukatia waya mkononi. Yefim alikuwa mtu wa Chama cha Kikomunisti, kisichotaka kusikia habari za Mungu. Mwaka jana Matriona wa kijiji cha pili alipokonywa madaftari kama haya mbele ya mkutano, na Yefim alikaa mstari wa mbele akipiga makofi.

"Mama Lukeria, kamba yako imekatika."

"Ni ya nguo tu, mzee. Nitaifunga mwenyewe."

"Ya nguo, halafu inaingia dirishani? Unaanika nguo kwenye redio siku hizi?"

Lukeria akaketi kwenye benchi. Daftari lilikuwa mezani ndani, wazi, na asingewahi kulitia motoni likaungua.

"Miaka mitatu, Alhamisi huaniki hata soksi," Yefim akaendelea. "Sasa niambie, na kwangu Alhamisi huwa unaona nini kambani?"

Lukeria akafikiri. Hakuwahi kuona kitu. Siku zote alidhani ni uchafu tu wa mwanamume aliyefiwa na mke.

Yefim akainama, akachomoa daftari lake mwenyewe ndani ya buti. Lukeria akasoma pale pale, kidole kikifuata mistari: baba alimwona mwanawe kwa mbali, akamkimbilia. Karamu nayo ilikuwamo, mpaka nukta ya mwisho.

"Na yale makofi?" akauliza.

"Anayepiga makofi kuliko wote haulizwi kitu. Naona haya mpaka leo, mama."

Lukeria akalia bila kujificha, kwa nafuu aliyokuwa hajaipata tangu aununue ule waya.

"Mwandiko wako mzuri," akasema akijifuta kwa kitambaa cha kichwa.

"Huwa mbaya. Juzi niliona dirishani shuka zako zikianguka, nikajiambia leo niandike vizuri, tuko wawili." Akapanda ngazi, akaanza kuuunga waya. "Ila kama mimi niliona kamba tupu kila Alhamisi, na mwingine ataona."

Alhamisi iliyofuata, wakati mtangazaji anasema mkato, kila kamba, ya Lukeria na ya Yefim, ilikuwa na soksi moja, nyepesi, kavu kabisa.